Kwa Nini Verlene Hakumpakia Jubilii Upesi

"Verlene, huyo farasi unamtunza au unamficha?"

Ndivyo Ozella Prewitt alivyomuuliza jirani yake asubuhi moja, akiwa ameegemea uzio unaotenganisha malisho yao. Verlene Sango alikuwa anampiga brashi Jubilii, farasi jike wa miaka minne, rangi ya jivu la kuni. Hakugeuka.

"Namtunza," akasema. "Mwenye jirani wa macho kama yako ataficha nini?"

Ozella akacheka, kisha akatoa lililomleta. Kulikuwa na mafunzo ya mbio za farasi za kuzunguka mapipa, siku mbili, kwenye uwanja wa maonyesho wa wilaya jirani. Mwalimu ni Tamsin Rourke, yule mwanamke wa Texas aliyeshinda mikanda ya bizimu za fedha mpaka akakosa kiuno cha kuivalia. Trela la Ozella lina nafasi ya farasi wawili, naye anaye mmoja tu.

"Mlete Jubilii. Nitawabeba bure, hata mafuta usichangie."

Basi hilo neno "bure" ndilo lililoharibu. Ozella ni mtu mwema, Mungu ananisikia, lakini ukiazima ndoo kwake, atakuja kuidai kabla hujafika nayo nyumbani.

Mchana ule Verlene alikuja kwangu. Tumekaa benchi moja kanisani tangu tuna nywele nyeusi, kwa hiyo hakupiga hodi. Nikampakulia maharage na mkate wa mahindi, akavikodolea macho tu.

"Dada Ruthell, Ozella anataka nini kwangu?"

"Labda anataka kukusaidia."

"Wewe nawe! Kila mtu unamwona ameshaokoka."

Nilijua hofu yake inakotoka. Verlene anapika shuleni, mume wake ametangulia mbele ya haki, na kwao wamezaliwa juu ya tandiko. Ujana wake alikimbia mapipa kila Jumamosi ya kiangazi: unaingia mbio, unazunguka mapipa matatu, unarudi ulikotokea, na saa haikuonei huruma. Mama yake Jubilii ndiye aliyekuwa farasi wake, naye alizaa mara mbili tu. Wa kwanza alikuwa dume, Amosi. Watu walimsifia mkufunzi mmoja wa mbali, Verlene akampeleka. Amosi akarudi ana mbio za upepo, lakini akifika kwenye ujia, ile njia nyembamba yenye uzio huku na huku inayoingia uwanjani, anasimama. Jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji. Ukimsukuma, anainuka kwa miguu ya nyuma. Alikuwa amekimbizwa upesi mno, siku baada ya siku, mpaka ujia ukawa kwake mlango wa mateso. Farasi akishafika hapo, hata ukimwimbia tenzi haingii. Amosi aliishia kuswaga ng'ombe wa mtu mwingine, hakuzunguka pipa tena.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na sasa yule mama farasi amekufa, magoti ya Verlene yanalia akipanda ngazi za kanisa, na Jubilii ndiye farasi wa mwisho atakayemfundisha. Mwenyewe anajua. Akimharibikia, hakuna mwingine. Lakini vilevile kuna mambo hawezi kumfundisha peke yake pale malishoni, na hilo nalo analijua, ndiyo maana hakumkatalia Ozella pale pale.

Jumapili, baada ya ibada, mimi na Verlene tulimkuta Ozella uani mwa kanisa, anafunika sahani za chakula alichokileta.

"Ozella, nikikataa, utampakia nani?"

"Yeyote tu."

"Mtaje."

Ozella akafunika sahani iliyokwisha kufunikwa. "Verlene, una roho ngumu! Mtu anakupa lifti, unamhoji kama polisi."

"Kama unataka kumnunua farasi wangu, sema. Kama huyo mwalimu amekutuma umtafutie farasi wachanga, sema pia. Leo ni Jumapili, usidanganye."

Hapo Ozella akawa mwekundu wa aibu, akateremsha sauti. "Ni huyu farasi wangu. Hasafiri peke yake. Mara ya mwisho nilipompakia peke yake alilipiga trela mateke mpaka bati likatoboka, watu kituo cha mafuta wakadhani nimeteka mtu. Jubilii mpole. Akiwa na mwenzake anatulia."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Verlene hakucheka. Alisema, "Ungesema siku ile," akaondoka, ila mabega yake yalikuwa yameshuka kidogo.

Kwa jirani tukawa tumemaliza. Bado mwalimu. Jumamosi iliyofuata wanafunzi wake walikuwa wanashindana, tukaenda kutazama. Watu wote walipanda majukwaani wakaone nani ana kasi. Verlene alikwenda kusimama ubavuni mwa ujia, mkoba kifuani, anatazama farasi wanavyoingia. Wa kwanza aliingia ameinamisha kichwa kama anayekwenda kunywa maji. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuja akirukaruka, macho yamemtoka, wanaume wawili wamemshika huku na huku.

Verlene akanibonyeza kiwiko. "Umeona?"

"Mama, toka hapo, utakula teke," sauti ikasema nyuma yetu. Alikuwa Tamsin Rourke mwenyewe, mwembamba, vumbi mpaka kwenye kope.

"Huyo farasi wa wanaume wawili, ni wa mwanafunzi wako?" Verlene akamuuliza.

"Hapana, mama. Ni farasi wangu mimi. Nilimharakisha akiwa mdogo, nikaona anashinda nikajisahau. Sasa narudi naye polepole, siku nyingine anakubali, siku nyingine ndiyo hivyo."

Alisema hivyo akitazama chini, akaenda zake kumsaidia mpandaji. Mimi nikaona, haya, Bwana amejibu. Nikamgeukia Verlene.

"Si umemsikia? Amekiri mwenyewe."

"Nimemsikia. Mtu akikiri upesi hivyo, mimi nashika mkoba wangu kwa mikono miwili."

"Sasa asipokiri mwongo, akikiri mwongo. Afanye nini huyu mtoto wa watu?"

Verlene akaugeukia uwanja tena. Alikaa pale mpaka farasi yule wa Tamsin akarudishwa kwenye ujia. Hawakumlazimisha kukimbia, walimwingiza uwanjani kwa hatua za kutembea, akasimama katikati, Tamsin akamkuna shingo kwa muda mrefu, wakamtoa kwa hatua. Watu majukwaani walizomea kidogo. Tamsin hakuinua hata kichwa.

Verlene akaushusha mkoba. Akamfuata mpaka kwenye trela lake, mimi nyuma yake. Hakumsalimu wala hakumsifu. Alisimama mbele yake akasema:

"Nina farasi wa miaka minne, na wewe bado sijakuamini. Naomba siku zote mbili aende kwa hatua tu, asikimbizwe hata mara moja, na asipandwe na mtu mwingine ila mimi. Ukikubali nitamleta. Kama huwezi, niambie sasa hivi."