Watafiti Wote Walionitaja

Wenzangu wa maabara sijawaambia, lakini nyinyi nitawaambia. Mimi huchunguza jeni za bakteria wa taifodi. Mwaka huu makala yangu moja ilianza kutajwa na watafiti wa nchi nyingi. Kila asubuhi niliwahesabu walionitaja huku kichwa kikizidi kuvimba. Kusoma walichoandika sikuona haja.

Nilimwambia mamangu, anayeishi Gatina. Mama akamwambia pasta, na Jumapili nikaitwa mbele ya kanisa. Nikatangaza, kwa unyenyekevu wa kujifanya, kwamba dunia nzima inanitaja.

“Tusomee hata makala moja inayokutaja, Daktari,” akaomba Akinyi, mwanafunzi wa udaktari.

“Soma wewe,” nikasema, nikimpa simu kwa madaha.

Alisoma kimya, kisha akanitazama kwa huruma. “Nitafsiri?”

“Tafsiri, kanisa lisikie!”

“Hawa wanasema walirudia jaribio lako, likakataa. Hawa wengine wanasema sampuli zako zilikuwa chafu. Na hawa… wanawaonya wanafunzi wao wasifanye kama wewe.”

Mama akasimama pale mbele, mkoba kifuani.

“Kumbe siku hizo zote walikuwa wanakusengenya?”