Fundi Nguo Aliyefuga Nondo

Fundi nguo kufuga nondo ni sawa na muuza kuku kumlea kicheche. Bi Sindano alifuga, tena bila haya. Viwavi wake aliwaokota kwenye ukoka wa kiwanja cha nyuma, akawatia kwenye debe la biskuti na kulifunika kwa kipande cha shela. Mwanzoni nusura wamfie. Aliwapa mchicha, wakaususa. Kabichi, wakaigeuzia mgongo. Alipowarudishia ukoka, walikula kama watu waliorudi kwao.

Balaa lililetwa na wifi yake, mwenye mdomo usiofungika hata kwa zipu. Mwenye bucha alikuja kuchukua koti lake la sufu, la kuvaa harusi ya bintiye. Wifi akamwambia, "Kaka, likague vizuri. Humu ndani tunafuga nondo."

Mwenye bucha akalirudisha koti mezani taratibu. "Fundi, kweli?"

"Kweli. Ila wangu wanakula nyasi, hawali nguo."

"Wamekuapia?"

Wateja wawili kwenye benchi wakaanza kukunja vitambaa vyao. Bi Sindano aliona kazi yake yote, aliyoianza na cherehani ya kuazima, inatoka mlangoni. Akaingia ndani, akarudi na debe.

"Hawajala tangu asubuhi," alisema. Akamweka kiwavi mnene kuliko wote juu ya mkono wa koti, na kishada cha ukoka pembeni ya meza.

Hakuwahi kujaribu jambo hilo. Kiwavi akatambaa hadi kwenye kifungo, akainua kichwa, akasimama. Moyo wa Bi Sindano ukawa unashona bila uzi. Kisha kiwavi akashuka, akavuka meza, akaupanda ukoka na kuanza kutafuna.

Mwenye bucha akapapasa sufu kwa kidole. Haikuwa na hata alama.

"Amelipita kama mimi ninavyoipita kabichi," alisema, akalivaa koti palepale.

"Huyo mmoja tu," wifi akasema. "Wengine je?"

"Lete gauni lako, wifi, tuwajaribu wote."

Wifi akakumbuka sufuria jikoni.

Debe halikurudi chumbani tena. Lilikaa mbele, kando ya mkasi. Nondo wa kwanza alipotoka, mabawa yake yalikuwa na rangi ya nyasi kavu, ukingoni mstari mweupe ulionyooka. Kila mteja alionyeshwa kabla hajapimwa.

"Tazama pindo hilo," Bi Sindano alisema. "Huyo amekulia kwangu."