Nafasi ya Mshono

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikimwona kijana anauma kucha badala ya kuuliza. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada yangu, nikingoja barua kutoka ofisi moja katika mtaa wa Muhima. Barua haikuja, nikakaa Nyakabanda kwa shangazi yangu Felisita, nikiwaza. Mwanangu, niliwaza hata namna ya kubisha mlango: mara mbili, au mara tatu?

Shangazi alishona mablanketi ya viraka kwa mabaki ya vitenge aliyoomba kwa washonaji. Mumewe, Mzee Karoli, alitengeneza madirisha ya vioo vya rangi, ufundi aliojifunza ujanani Bukavu. Walifanya kazi katika chumba kimoja, mume karibu na dirisha, mke karibu na mlango, wakitaniana kutwa. Mzee alilalamika kwamba nyuzi zinapanda mezani kwake. Shangazi alijibu kwamba heri uzi mezani kuliko kioo mguuni. Lakini mimi niliona wanafanya kazi moja. Kila mmoja aliokota vipande visivyofanana, akavigeuzageuza, akaweka chekundu karibu na buluu, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kutazama kwa jicho moja.

Basi Mzee alipewa dirisha la kikanisa kidogo cha jirani: ua jekundu lenye petali nne juu ya buluu, na ukingo mweupe. Kioo chekundu kilibaki kimoja tu, na kwa vita vile vya mpakani hakuna aliyejua kingine kitatoka wapi. Alikuwa amekwisha kunifundisha kukata kioo. Msiba ukamwita Butare, akaniachia mchoro.

"Bwana Lisansi," akasema, maana hivyo ndivyo alivyonitania kwa ajili ya ile shahada, "kata pole pole. Ukikwama, ningoje. Siku tatu si mingi."

Nilikwama asubuhi ya kwanza. Vipande vya kioo hushikanishwa kwa utepe wa risasi, yale madini laini, unaopita katikati ya kila kimoja na mwenzake. Je, utepe huo utakaa wapi? Nilijua wa kumngoja, lakini niliona aibu, mtu mwenye shahada, kungoja kuulizia unene wa mstari. Nikamtazama shangazi. Kila kiraka alikikata kikubwa kuliko mchoro wake, akiacha upana wa nusu kidole. "Hiyo ni nafasi ya mshono," aliniambia. Moyo wangu ukaruka. Kama kazi ni moja, nikawaza, basi sheria nayo ni moja. Nikapiga hesabu mara tatu, nikakata kila kioo kwa kukiongezea nafasi ya mshono. Na kile chekundu pia.

Wazee husema akili nyingi huondoa maarifa. Mimi nilikuwa ushahidi wake.

Mzee aliporudi alivipanga ndani ya fremu. Safu mbili zilikosa pa kukaa.

"Hii dirisha imekula nini?" akauliza. "Iko nene kuliko nyumba yake."

Nikamweleza hesabu yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

"Kitambaa kinakunjwa, sha. Kioo utakikunja namna gani? Huku tunapunguza, hatuongeze."

Hakunifukuza. Alichukua koleo akaanza kumega kingo, punje kwa punje, nami nikimfuata. Vyeupe vilikubali. Buluu ikakubali. Petali ya nne, nyekundu, ikapasuka katikati mikononi mwangu. Kikanisa kilikuwa kinafunguliwa Jumapili.

Nilisema nitafunga mizigo yangu. Shangazi hakuinua hata macho. "Mwana wa kaka yangu, kabla hujafunga, lete blanketi lile unalojifunika." Akanionyesha kiraka cha kijani pale kati. Kilikuwa vipande viwili. "Kitambaa kilinipungukia. Uliwahi kuona?"

Nililala chini ya blanketi lile miezi sita. Sikuwahi kuona.

"Wako mshono unajificha," Mzee akamwambia mkewe. "Wangu utaonekana na kanisa lote."

"Acha uonekane," akajibu. "Jani halina mshipa?"

Mzee akakata utepe wa risasi na kuupitisha penye ufa. Petali tatu nzima, na moja yenye mshipa. Jumapili jua lilipopiga, watu waliiangalia ile moja.

Shangazi na Mzee hawakuuona mwaka wa tisini na tano; mauaji ya mwaka uliotangulia yaliwachukua. Dirisha nalo halipo. Blanketi ninalo, na nikilishika penye kijani, kidole changu kinaujua mshono.

Sikiliza basi, mwanangu. Mwenye kuunganisha vipande lazima aache nafasi ya kiungo. Pengine nafasi hiyo hupatikana kwa kujiongeza, kumpa mwenzako ziada yako ambayo hakuna atakayeiona. Pengine hupatikana kwa kujipunguza. Hesabu haitakuambia ni ipi. Muulize aliyeishika kazi kabla yako, hata kama ni kungoja siku tatu. Na kitu kikipasuka mikononi mwako, usifunge mizigo upesi. Mishono mingine hujificha, mingine huonekana, yote hushika.

Mungu akupe watu wa kukaa nao chumba kimoja na kutaniana. Akupunguzie hofu, akuongezee subira, na penye ufa wako apitishe mshipa. Amina.