Bawaba za Ghorofa ya Nne

Kwetu Nyaramba Sabato huanza Ijumaa jua likizama, na jua likizama Baba huzima kila kitu. Televisheni hufunikwa kitambaa kama maiti, redio hunyamazishwa, simu zote hulala kwenye droo. Yangu hulala soksini. Ndiyo maana dada yangu mkubwa, anayefanya kazi za nyumbani Mashariki ya Kati, alinitumia mimi ujumbe wa sauti siku vita vilipoingia mji anaokaa.

Nilikuwa kanisani, katikati ya benchi. Kushoto Mama, kulia mwimbaji mmoja wa kwaya aliyesinzia na kuniegemea kama gunia la majani chai. Mahubiri yalikuwa yamefika katikati, yaani kwa mhubiri wetu ndiyo kwanza yanaanza. Soksi ikatetemeka. Nikajifanya nafunga kamba za kiatu, nikapitisha waya wa kusikilizia ndani ya sweta hadi sikioni.

Dada alikuwa ananong'ona. Kulipokucha ndege zilipita zikiangusha mabomu upande wa bandari. Halafu meli za kivita zikaanza kurusha makombora kutoka baharini. Aliziona dirishani mwa jikoni, za kijivu, zimetulia kama ng'ombe wanaocheua. Sasa vifaru vilikuwa vinapanda barabara kuja mtaani kwao. Matajiri wake walitoroka kwa gari tangu zile ndege za kwanza, wakafunga mlango kwa nje, wakaenda na ufunguo. Ghorofa ya nne, madirisha yana vyuma.

"Nimekutumia wewe kwa sababu Tata amezima," alimalizia, "na wewe nakujua, hujazima. Muulize Tata mlango unang'olewaje."

Baba, Tata kwa lugha yetu, ni seremala. Siku ya Sabato hata neno msumari halimtoki. Na siku hiyo alikuwa amekaa mbele kabisa na wazee wa kanisa, anatazama Biblia yake.

Nikasimama. Mama akanifinya paja. Yule wa kwaya akaamka na kukataa kusogeza magoti. Nikamruka, nikaingia njia ya katikati, na hapo shemasi akanizuia. Sabato iliyopita nililia tumbo, akanikuta nyuma ya choo nakula mapera.

"Tumbo tena?"

Nikamwambia ni dada.

"Dada naye anaumwa tumbo?"

Benchi la vijana likacheka. Nimechekesha benchi hilo miaka yote, lakini siku hiyo kicheko chao kilinizuia zaidi kuliko mkono wa shemasi. Lolote ningesema lingekuwa kichekesho. Basi nikachomoa waya, nikabonyeza ujumbe uanze upya.

Sauti ya dada ikatoka, na nyuma yake mlio uliofanya watoto waangalie paa. Mhubiri akashusha Biblia. Baba aliijua sauti kabla ya maneno. Alikuja mbio kwa suti yake ya Sabato, akaniongoza nje hadi kwenye mikaratusi nyuma ya kanisa, ambapo mtandao unashika vizuri. Mama akafuata, viatu mkononi.

Tulimpigia kwa video. Baba hakuuliza simu ilitoka wapi.

"Nionyeshe bawaba," akasema.

Zilikuwa ndani, tatu. Akamwambia atafute kisu butu na kitu kizito. Dada akarudi na kisu na mchi wa kutwangia vitunguu.

"Anza na ya chini. Ya juu iwe ya mwisho, la sivyo mlango utakuangukia. Weka kisu chini ya pini ya bawaba, gonga iende juu."

Pini ya chini ilitoka. Ya kati ikatoka. Kila mara jengo lilipotikisika picha iliganda, na sisi tukaganda nayo tukitazama mkono wa dada umeinua mchi. Baba alikuwa anagonga kiganja chake kwa ngumi, taratibu, kama anayemsaidia. Nilitafuta kitu cha kusema kimchekeshe dada. Sikupata.

Ya juu ikakataa.

"Imeshikwa na rangi. Ikwangue kwanza."

"Tata, vifaru vinakaribia."

"Wewe kwangua."

Akakwangua. Sisi tulikuwa kwenye kilima chenye chai pande zote, hewa safi, na sikumbuki kama nilivuta hata kidogo. Kisha pini ikaruka. Baba akamwelekeza atie kisu upande wa bawaba na kuuvuta mlango kwake, polepole. Mlango ukaja na kishindo. Tukaona ngazi, giza.

Dada akaitia simu mfukoni bila kuikata. Hatukuona kitu tena, tulisikia ndala tu zikishuka. Kuna mahali zilisimama, mlio mkubwa ukapita, Mama akanishika shingo. Zikaendelea. Baba alikuwa ameinamisha sikio kwenye simu, midomo inasogea. Nadhani alikuwa anahesabu ghorofa.

Chini kabisa tukasikia wanawake wengi waliojificha huko, lugha tusizozijua, mtoto analia. Mmoja akauliza kwa Kiswahili, "Wewe umetokea wapi?"

Dada akajibu, "Nyaramba," kana kwamba huko kila mtu anapajua.

Baba akaketi chini shambani kwenye chai, na suti yake ya Sabato.