Siku Nilipompulizia Salfa Mjomba wa Mchumba Wangu

Jamani, aibu yangu mimi watu waliiona Newala, wakaisimulia Masasi nzima, kwa hiyo sina cha kuficha, wacha niiseme mwenyewe kabla hamjaletewa ile ya vijiweni ambayo ndani yake mimi nalia kama mtoto (sikulia, ilikuwa salfa).

Mimi ni mtengeneza filamu. Siyo filamu za mapenzi, wala zile za mke mkubwa anamroga mke mdogo, ambazo ndizo zinazouza. Mimi natengeneza za vyombo vya anga na viumbe wa sayari nyingine, na nazitengenezea hapa hapa Newala, kwa kamera ya mtumba, bila kampuni, bila mfadhili, mwandishi ni mimi, mwongozaji ni mimi, na wa kukosha vyombo baada ya waigizaji kula ni mimi. Chombo changu cha anga ni tangi bovu la maji nililolipaka rangi ya fedha. Msicheke, kwenye kamera linatisha.

Sasa, nilikuwa nimemposa Zuhura, fundi cherehani wa Chiwata, ambaye ndiye ananishonea mavazi ya viumbe wangu. Baba yake hakuwa na neno. Lakini si mnajua kwetu, baba ana lake na mjomba ana lake, na kauli ya mwisho juu ya binti ni ya mjomba. Na mjomba mwenyewe, Mzee Ismaili, mkulima wa mikorosho, mtu wa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na bakora isiyomtoka mkononi, aliniuliza swali moja tu.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Natengeneza filamu, mzee."

Akanitazama weee, kisha akasema, "Hilo nimelisikia. Nimekuuliza kazi."

Nikasema moyoni, huyu dawa yake aone kwa macho. Nikamwalika yeye na wazee wenzake waje siku tunapiga onyesho la mwisho, pale Shimo la Mungu, ukingoni, uwanda unapokatika ghafla na bonde lote liko chini yako, mahali ambapo hata bila rangi panaonekana si duniani. Mama yangu apike pilau, wageni wakae kwenye viti kivulini, waone watu wanavyohenya kazini. Mzee akiridhika, Zuhura wangu. Asiporidhika, posa imekufa, maana kuna mwalimu mmoja wa Lulindi mwenye ajira na pikipiki alikuwa ameshaanza kupita pita pale kwao kusalimia.

Shida ikawa moshi. Chombo kinatua, kiumbe anatoka ndani ya moshi, na siku zote mimi nachoma majani mabichi, moshi wenyewe kama wa mtu anayechoma mahindi. Asubuhi ile nikaiona mashine ya kaka yangu ya kupulizia mikorosho imeegemea ukuta, ile ya kubeba mgongoni, ina injini na bomba refu, na pembeni yake mfuko wa salfa uliobaki msimu uliopita. Mnaijua salfa, ile dawa ya unga, njano, ikitoka kwenye bomba inakuwa wingu zima. Moyo ukanidunda kwa furaha!

Zuhura akasema, "Tia unga wa muhogo."

Nikamjibu kwa madaha, "Unga ni mweupe. Sayari hii ni ya njano."

Angenizaba kibao pale pale ningekuwa nimeshaoa.

Kila mtoto wa mkulima huku anajua salfa hupulizwa alfajiri, umande upo na upepo umelala, na anayepuliza hujifunga uso na kusimama upande unakotoka upepo. Nami najua, nimelelewa kwa korosho. Lakini nilitaka mwanga mzuri, nikasubiri jua lipande, na pale ukingoni jua likipanda upepo nao unapanda kutoka bondeni kama umetumwa.

Kiumbe wangu alikuwa Dadi, rafiki yangu wa bodaboda, ndani ya suti ya fedha, ndoo ya plastiki kichwani imetobolewa matundu mawili ya macho, mashine mgongoni. Nikampa maelekezo kwa sauti kubwa ili wazee wasikie kwamba hii ni kazi ina nidhamu: "Ukishaanza kutembea usisimame mpaka unisikie nasema kata. Hata itokee nini!" Mzee Ismaili akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayeanza kuelewa. Nikajiona nimeshafika.

Zuhura akawasha kamera. Dadi akawasha mashine. Wingu likatoka, jamani, wingu la njano zuri ajabu, sijawahi kupiga kitu kizuri vile maishani mwangu, likasimama hewani kidogo, kisha upepo ukalishika ukalipeleka lote kwa wakwe.

Nikafungua mdomo niseme kata. Salfa ikaingia yote. Nikakohoa, nikapiga chafya, nikajaribu tena, ikatoka "ka, ka, ka" kama kuku, macho yanawaka, na Dadi ndani ya ndoo hasikii kitu ila injini, haoni kitu ila njano, anatii maelekezo. Akawa anawafuata wazee huku anapuliza! Wao wanakimbilia kushoto, yeye naye, kwa bahati mbaya tu, anageukia kushoto. Mmoja alipita katikati ya sufuria za pilau. Watu wa mtaani waliokuja kutazama wakawa wanapiga makofi, wanadhani ndiyo filamu. Mama yangu anapiga kelele, "Nnungu wangu, pilau langu! Zima! Zima hilo dude!"

Mzee Ismaili peke yake hakukimbia. Alisimama, njano kuanzia kofia hadi makubadhi, akainua bakora, akamtandika Dadi ya ndoo, paa! Dadi akayumba. Akamtandika ya mgongo, ya mguu, mpaka Dadi akaanguka na mashine ikazimika yenyewe.

Watu wanakohoa tu. Na maji ya Newala mnayajua yalivyo adimu, pale palikuwa na yale ya kunawa mikono tu, wazee wakagawana kwa birika kusafisha macho. Nikajikongoja mbele ya mzee, nikapiga magoti, na neno pekee lililonijia ni "Shikamoo."

Hakuitika. Akaondoka.

Jioni yake Zuhura, macho mekundu, akaniwekea kamera mbele yangu. "Mjomba wangu hawezi kuwa kichekesho cha kwenye simu za watu. Ifute hii. Mbele ya macho yangu." Nikaitazama mara moja tu. Lilikuwa onyesho bora kuliko yote niliyowahi kupiga, lile wingu, yule mzee wa njano na bakora yake mbele ya kiumbe wa fedha. Roho iliniuma, wallahi. Nikafuta.

Baada ya wiki Mzee Ismaili akaja nyumbani kwetu, na kanzu mpya, Zuhura nyuma yake. Mimi najua kaja kuvunja posa. Nikamwamkia, na safari hii akasema, "Marahaba." Akakaa, akakohoa (bado ile ile salfa), akasema, "Kule Chiwata nimewaambia nimempiga yule mtu wa angani mpaka akaanguka. Hawaniamini, wananicheka. Mwalimu wa Lulindi naye kacheka. Hebu nipe hiyo picha nikawaonyeshe, nikitoka huko tupange ndoa."

Nilimtazama Zuhura. Zuhura akatazama mkeka.

Ikabidi niseme ukweli. Mzee akaisugua bakora kwa kiganja, kisha akauliza, "Si kazi yako? Basi rudia."

Nikarudia, kwa unga wa muhogo, alfajiri, upepo umelala. Ila Dadi kakataa katakata, kasema afadhali abebe abiria bure hadi Mnyambe kuliko kuvaa tena ile ndoo. Kwa hiyo ndani ya ndoo niko mimi. Na mzee kumbe hajui kupiga kwa kuigiza, anapiga, halafu anamsogelea Zuhura kwenye kamera, anatazama, anasema, "Hapa bega langu halikuonekana vizuri. Rudia." Tumerudia nimechoka kuhesabu. Naapa mbele yenu, salfa sishiki tena, hata mikorosho ikauke yote. Na ninyi mnaoniuliza ndoa lini, mkaulizeni mzee, maana juzi tu kasema sasa anaona bakora ile ni nyembamba, kaagiza nyingine.