Dawa Isiyolambwa

Juzi nilikuwa Shelui, katika mojawapo ya maduka haya ya pembejeo yaliyochipuka tangu biashara iwe huria. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa akinunua dawa ya kuhifadhia mtama. Muuzaji alimchotea unga mweupe kutoka gunia lisilo na maandishi. Bibi, kama tunavyoonja magadi sokoni kabla ya kununua, alichovya kidole akakipeleka mdomoni.

Muuzaji akaudaka mkono, kidole kikiwa kimekaribia ulimi.

“Bibi, utakufa!”

“Niachie! Nimechoka kuuziwa chokaa. Nitajuaje kama ni kali?”

“Ni kali, haki ya Mungu! Hailambwi hii!”

Akammwagia maji kidoleni. Bibi akamkazia macho.

“Sasa mjukuu wangu, kama mimi siwezi kuilamba, watoto watakulaje mtama uliolala nayo?”

Akauacha unga pale kaunta, akasema heri majivu na majani ya mwarobaini.

Kemia sikuisoma. Ila naomba swali lile liwafikie wanaopika dawa hizi, wajiulize kabla ya kuzipika, maana sisi huku tunalijibu kwa ulimi.