Nilikwenda Kuamia Ndege Siku ya Wakili

Jamani, msinitafutie mchawi. Aliyemponza mume wangu ni mimi mwenyewe, na nikificha nitapasuka.

Mume wangu ana presha ya siku nyingi. Mwaka huu tulipomaliza kupanda mpunga akasema twende Ifakara kwa wakili, na kaka yake mkubwa ashuke kutoka Mahenge. Alitaka iandikwe kwamba siku akishindwa kusema, mimi ndiye nisikilizwe kuhusu matibabu yake, na kaka mtu asaini kama shahidi. Kisha tupite benki, akaunti yake iwe yetu wote wawili.

Nikaona uchuro. Nikamwambia anajiitia kifo. Na niseme ukweli wote: niliogopa wifi zangu watasema namharakisha nirithi.

Akapanga siku hivyo hivyo, shemeji akaja. Mimi alfajiri nilishaondoka zangu shambani Mchombe, nikaacha ujumbe kwa jirani kwamba nimekwenda kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Ndege gani, wakati mpunga haukuwa umetoa hata suke! Shemeji akarudi kwao amenuna. Mume wangu hakunigombeza, alisema tutapanga siku nyingine.

Hatukuipanga. Alianguka bafuni, kiharusi. Upande wa kulia hauna kazi, na maneno hayatoki.

Hospitali walitaka abaki wodini, aanzishiwe mazoezi. Nikakimbilia benki. Wakaniambia kwa upole aje mwenye akaunti, au nilete amri ya mahakama. Hela ya mpunga wetu wa mwaka jana imo humo, nami sina hata ya uji wa mgonjwa.

Shemeji ndiye aliyelipa wodi, halafu akasema anamchukua, huu si ugonjwa wa hospitali. Nikabisha, nikalia, nikapiga magoti. Akanijibu mbele ya manesi: "Shemeji, mimi nilikuja kusaini, wewe ukakimbilia shamba. Leo unaamua kwa karatasi ipi?"



Yuko Mahenge sasa, anachanjwa chale na kupakwa dawa za mizizi. Amekonda, Mungu wangu, amekonda! Juzi nilikwenda, nikamshika mkono mzima, nikamuuliza, "Baba, unataka turudi hospitali?"

Akanitazama, machozi yakamtoka.

Shemeji akasema, "Unaona? Hata yeye hataki."

Nimefungua maombi mahakamani niruhusiwe kumsimamia, naambiwa nisubiri. Nasubiri nini, na yeye anaisha?

Wenzangu, mume au mke akikuomba mkayaandike haya, nendeni. Usiseme uchuro, usiogope mawifi, usijifiche shambani kama mimi. Muulize leo anataka nini, angali anaweza kukujibu. Mimi niliuliza juzi, na jibu lake akalitoa kaka yake.